Nyumba ya Ng'ombe Chini ya Nyumba ya Mtu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika vitabu vya fikihi tulivyosomeshwa sisi watu wa pwani, mlango wa nafaqa, yaani masurufu anayowajibika mtu kuwapa walio chini yake, huja baada ya ndoa, talaka na eda. Mwanafunzi hufika hapo amekwisha choka, na mwalimu naye hutamani kumaliza. Ndiyo sababu watu wengi hukumbuka nafaqa ya mke, hukumbuka ya wazee na ya watoto, lakini ukiwauliza mwisho wa mlango huo una nini, hukutazama tu.

Mwisho wake una wanyama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijriya (1277 Miladiya), ameeleza katika Minhaji kwamba mwenye mnyama yampasa amlishe na amnyweshe. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa mnyama ni wa kuliwa, ama amlishe, ama amuuze, ama amchinje, na ikiwa si wa kuliwa, ama amlishe ama amuuze. Wala asimkame maziwa kiasi cha kumdhuru mtoto wake. Kisha Imamu akaongeza jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Kitu kisicho na roho, mfano wa nyumba au mfereji wa maji, mwenyewe halazimiki kukitengeneza. Yaani dari yako ikivuja, kadhi hana la kukuambia. Mbuzi wako akilala na njaa, analo.

Mwalimu wetu alipofika hapo alifunga kitabu, akatuuliza sisi tuliokuwa tumeketi juu ya jamvi: "Nani kwao kuna mnyama?" Tukainua mikono wengi. "Jana usiku mvua ilinyesha. Alilala wapi?" Hakuna aliyejua.

Swali hilo limekaa nami zaidi ya miaka hamsini, na leo nataka tulifuate mpaka mahali ambapo waashi walilijibu kwa mawe. Mahali penyewe ni Yemen. Wengi wetu twaijua Yemen kwa upande wa Hadhramaut, lile bonde la nyumba ndefu za udongo, walikotoka masharifu na masheikh wengi waliosomesha vitabu hivi katika miji yetu. Lakini safari hii tupande magharibi, kwenye milima iliyo kati ya Bahari ya Sham na mji wa Sanaa. Huko nyumba ni za mawe, na ghorofa ya chini ya nyumba hizo haikujengwa kwa ajili ya mtu. Ilijengwa kwa ajili ya ng'ombe, punda, kondoo na mbuzi, na watu wakakaa juu yao.

Tuanze na milima ya Haraz. Mji wake wa soko ni Manakha, na karibu na hapo kuna kijiji kiitwacho Hajara, kilichokaa juu ya mwamba tangu zama za watawala wa Kisulayhi, karne ya 11 na ya 12 Miladiya. Ukikitazama kwa mbali huwezi kujua jabali limeishia wapi na nyumba imeanzia wapi, kwa sababu mawe ni yale yale. Nyumba hupanda ghorofa tatu, nne, tano. Ukielekea Sanaa utapita karibu na Jabal Nabi Shuaib, mlima wenye urefu wa mita 3,666, mrefu kuliko yote katika Bara Arabu. Kwa hivyo ondoa katika fikira zako ile Arabuni ya mchanga na mitende. Hapa usiku wa kusi na usiku wa kaskazi ni mbali mbali kabisa, na wakati wa baridi mtu huamka akakuta maji yameganda.

Huenda ukauliza: kwa nini hawakumjengea mnyama banda lake pembeni, kama tufanyavyo sisi? Jawabu la kwanza ni ardhi. Milimani hakuna uwanja. Kila kipande cha udongo unaochukua mbegu kimetengenezwa kwa mikono, kwa kujenga ukuta wa mawe kando ya mlima na kujaza udongo nyuma yake, ukuta juu ya ukuta, mpaka mlima mzima ukawa kama ngazi. Humo hulimwa mtama, ngano, shayiri na buni. Mtu aliyepata shamba kwa taabu hiyo hawezi kulijengea banda juu yake. Basi huweka nyumba juu ya jabali tupu lisilofaa kulimwa, na kwa kuwa jabali ni dogo, hujenga kwenda juu. Mnyama hupata ghorofa yake katika jengo lile lile.

Jawabu la pili ni hatari. Milima ile ilikuwa na fisi na chui, na ilikuwa na vita vya kabila kwa kabila. Ng'ombe aliyelala nje hakuwa na hakika ya kuiona asubuhi. Jawabu la tatu ni baridi, na la nne ni samadi. Haya mawili ya mwisho ndiyo yaliyonivutia mimi, na nitayaeleza kwa urefu kidogo.

Hebu tuingie ndani. Ukuta wa chini ni mnene kuliko wote, kwani ndio unaobeba ghorofa zote za juu. Hujengwa kwa nyuso mbili: nje mawe yaliyochongwa yakapangwa sawasawa, ndani mawe mengine, na katikati hujazwa kokoto na udongo. Msingi haukuchimbwa sana pale penye mwamba, maana mwamba wenyewe ndio msingi. Katika mji wa Sanaa, ulio mita 2,200 na zaidi juu ya bahari, sehemu hii ya chini hujengwa kwa mawe ya volkano, kisha kuanzia hapo kwenda juu huja matofali ya kuchoma yaliyopambwa kwa jasi nyeupe. Picha za Sanaa zinazotundikwa ukutani huonyesha hayo mapambo ya juu. Sehemu ya ng'ombe haipigwi picha.

Mlango ni wa mbao nzito, nao hufunguka kwenye ukumbi uitwao dihlizi. Msomaji wa Lamu atakumbuka daka na ukumbi wa nyumba zetu za kale, ingawa kwetu ukumbi huo ni wa kupokea wageni. Katika dihlizi ya Yemen, kulia na kushoto, hufunguka vyumba vya wanyama na ghala za kuni na malisho. Nyuma yake hupanda ngazi, ikizunguka nguzo moja kubwa ya mawe ambayo wenyewe huiita qutbu, tangu chini mpaka juu kabisa. Vyumba vya chini havina madirisha. Vina matundu membamba, tena juu ya ukuta, kiasi cha kupita pumzi na mwanga mdogo, wala mkono wa mwizi usipite. Kila ukipanda ghorofa, matundu huongezeka kuwa madirisha, mpaka ukifika kile chumba cha juu, mafraji, ambamo wanaume hukaa jioni, unaona nchi yote.

Dari ya chumba cha ng'ombe ni magogo ya miti yaliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake matawi, na juu ya matawi udongo ulioshindiliwa. Nasi hulaza boriti za mikoko, tukapanga mawe na kumwaga chokaa. Elimu ni moja. Ndiyo maana vyumba vyao ni vyembamba na virefu kama vyumba vyetu: upana wa chumba ni urefu wa gogo lililopatikana, wala si matakwa ya mwenye nyumba.

Sasa, ng'ombe mmoja aliyelala ndani ya kuta nene hutoa joto usiku kucha. Joto hupanda. Udongo wa dari hulipokea, na waliolala ghorofa ya pili hupata sehemu yao. Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema za wanyama wa kufuga, na jambo la kwanza alilolitaja, kabla ya nyama na kabla ya kubeba mizigo, ni joto. Wafasiri wamelieleza kuwa ni mavazi na matandiko yatokanayo na sufi na manyoya, na hiyo ndiyo tafsiri, siibadilishi. Lakini naamini mtu wa Haraz akiisoma aya hiyo usiku wa baridi, juu ya dari ya ng'ombe wake, huifahamu kwa mgongo wake pia. Na aya inayofuata yataja uzuri wa kuwaona wakirudi jioni na wakitoka asubuhi. Katika nyumba hizi hilo nalo lilikuwa na chombo chake. Kutoka ghorofa za juu huteremka kamba mpaka kwenye komeo ya mlango mkubwa. Mama aliye jikoni juu, akisikia mnyama na mchungaji wamefika, huvuta kamba, mlango ukafunguka, asilazimike kushuka ngazi zote zile.

Nije kwenye samadi. Shamba la ngazi ni udongo mchache juu ya jabali. Mvua huuosha na mazao huula. Usipoulisha nao hukulisha miaka michache tu, kisha huishiwa. Chakula cha shamba ni samadi, na ghorofa ya ng'ombe ilikuwa hazina yake. Huko chini samadi ilikusanyika bila kuoshwa na mvua wala kukaushwa na jua, mpaka msimu wa kulima ikabebwa kwa punda au juu ya vichwa vya watu kwenda shambani. Sehemu yake ilichanganywa na makapi, ikapigwa mikate, ikaanikwa, ikawa moto wa kuokea mkate kwenye tanuri, kwani kuni milimani ni haba. Majivu nayo yalirudi bustanini. Hata uchafu wa binadamu haukutupwa ovyo. Nyumba za Sanaa zina shimo refu lililopita ndani ya jengo kutoka vyoo vya juu mpaka chumba kidogo cha chini. Maji ya chooni na ya kuogea hayakushuka humo, yalipitishwa kwenye mfereji wa nje ya ukuta yakakaushwa na hewa kavu ya mji ule. Kilichobaki chumbani kikakauka, kikachukuliwa kuwasha moto wa hamamu. Watu wakaenda kujitoharisha kwa maji yaliyochemshwa na hicho.

Najua msomaji wa madhehebu ya Shafi ataninyooshea kidole hapa: vipi mtu aswali katika nyumba iliyojaa samadi? Kwetu mavi na mikojo ya wanyama wote ni najisi. Nakujibu kwa mambo mawili. Kwanza, Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akiswali katika mazizi ya kondoo kabla Msikiti wa Madina haujajengwa, na imesihi kwamba ameruhusu kuswali humo, akakataza kuswali wanapolazwa ngamia. Maulamaa wetu wamesema kondoo ni mtulivu, na ngamia hushtuka akamvuruga mwenye kuswali. Ama najisi, mtu atandike kitu tohara. Maana yake zizi halikuwa mahali pa kukimbiwa na watu wema. Pili, tazama ufundi wa jengo lenyewe. Wanyama hawapandi ngazi. Uchafu wao una sakafu yake, ya mawe, nayo iko chini ya kila kitu, na hakuna njia ya kuufanya upande juu. Mwashi ameitenganisha najisi na tohara kwa ghorofa nzima.

Nimetaja mama aliyevuta kamba. Sikumtaja kwa pambo. Katika milima ile, mume ndiye mwenye jina la mali, lakini ng'ombe alikuwa mikononi mwa mwanamke. Yeye ndiye aliyekwenda kukata majani, akayabeba kichwani, akakamua, akasukasuka maziwa, akatoa samli. Na kulisha kwenyewe kulikuwa kazi ya pekee. Chakula kikubwa cha ng'ombe kilikuwa mabua makavu ya mtama, magumu, yasiyo na ladha. Majani mabichi yalikuwa machache, khasa yale wayaitayo qadhbu, ambayo hukatwa yakaota tena. Ukimwekea ng'ombe vyote viwili horini, atachagua kijani na kuacha kikavu. Basi mwanamke huketi mbele ya ng'ombe, huchukua mabua na majani makavu, akayafungia na kijani kidogo kama mtu afungavyo tambuu, akamtia ng'ombe mdomoni kwa mkono wake. Fundo moja, jengine, mpaka mnyama akashiba. Wasafiri waliokwenda Yemen wameyaona hayo wakastaajabu. Mimi nikakumbuka kwamba hilo neno qadhbu limo katika Surat Abasa, pale zinapohesabiwa neema za mimea, na mwisho wa hesabu tukaambiwa kuwa hayo yote ni manufaa yetu na ya wanyama wetu. Sisi tumetajwa, nao wametajwa hapo hapo.

Hata hivyo sitaki kukupambia, ndugu yangu. Ghorofa ile ilikuwa na kasoro. Ilikuwa giza. Ng'ombe wa milimani hakuwa na malisho ya kuzungukia, na siku zake nyingi zilipita humo humo, kati ya ukuta na ukuta, akiona mwanga wa tundu moja. Aliyemjengea alimpa usalama, joto na chakula cha mkono, lakini alimnyima jua. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki Misri mwaka 660 Hijriya (1262 Miladiya), ameorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe katika kitabu chake cha Qawaid. Amlishe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida naye tena. Asimbebeshe asichokiweza. Asimchanganye na mnyama wa jinsi yake au wa jinsi nyengine atakayemuumiza kwa kumpiga pembe au kumvunja. Asimchinje mtoto wake mbele ya macho yake. Na katikati ya orodha hiyo limo jambo la ujenzi: atengeneze vizuri mahali anapolala na anapopumzika. Hakusema tu awe na mahali. Amesema pawe pazuri. Kwa kipimo hicho, nyumba ya Haraz yapita kwa ukuta, kwa dari na kwa hori, na kwa upande wa mwanga inabaki na deni.

Haki ya kutobebeshwa asichokiweza nayo ilipata jengo lake, na hili liko Sanaa. Ndani ya mji ule, nyuma ya nyumba, mna bustani za mboga ziitwazo maqshama, nyingi zikiwa wakfu za misikiti. Maji ya udhu hayakupotea: yalitoka msikitini yakaingia bustanini. Na maji yenyewe yalivutwa kutoka visima virefu kwa nguvu ya mnyama. Kando ya kisima palijengwa njia ndefu ya mteremko, kuta zake za mawe, wenyewe wakiiita marnaa. Ngamia, punda au ng'ombe alifungwa kamba iliyopita juu ya gurudumu la kisima na kushika ndoo kubwa ya ngozi. Sasa fikiri: ingekuwa rahisi kumwendesha mnyama kwenye uwanja wa sawa akavuta. Wao wakachimba mteremko, ili mnyama anapovuta awe anashuka, na uzito wa mwili wake ukamsaidia. Ndoo ikifika juu na kumwagwa, mnyama hupanda kurudi hali hana mzigo. Mzigo kwenye mteremko, mpando bila mzigo. Aliyebuni hivyo alijua kuwa mnyama huchoka, nasi twakumbuka kisa cha yule ngamia katika bustani ya Mwansari, aliyemlilia Mtume (s.a.w.) mpaka Mtume akamfuta machozi, akamwita mwenyewe na kumwambia kuwa ngamia amemshtakia njaa na uchovu.

Na wasafiri wa biashara je? Walikuwa na samsara, nyumba za wageni za mawe sokoni, na huko pia mpango ulikuwa ule ule: wanyama na shehena chini, mfanyabiashara juu. Mtu hakulala mbali na punda wake.

Mpango huo ulidumu mamia ya miaka na ukavunjika katika umri wa mtu mmoja. Baada ya mapinduzi ya 1962 nchi ilifunguka. Katika miaka ya 1970 vijana wa milimani walikwenda kwa wingi kufanya kazi Saudia na nchi za Ghuba, wakatuma pesa. Pesa ikanunua ngano ya meli na maziwa ya unga. Pampu za mafuta zikavuta maji, na marnaa zikabaki bila mnyama. Ghorofa za chini zikawa maduka, maghala na mahali pa kuegesha pikipiki. Huko milimani, shamba lililokosa samadi na mikono ya kuinua mawe yaliyoanguka likaanza kuporomoka, na ukuta mmoja ukiporomoka huanguka juu ya ulio chini yake.

Katika Sanaa kulikuwa na msiba mwengine ambao nauona una ibra kwa mafundi. Mji uliletewa maji ya mabomba. Hakuna anayekataa neema ya maji. Lakini nyumba zilizojengwa juu ya elimu ya ukavu, ambazo zilitenga maji na uchafu na kuvikausha kila kimoja mahali pake, sasa zilimwagiwa maji mengi ndani yasiyo na pa kwenda. Yakashuka kwenye misingi. Mawe yaliyobeba ghorofa sita bila kutikisika yakaanza kukaa upande. Mwaka 1984 Unesco ikatangaza kampeni ya kimataifa ya kuunusuru mji, na 1986 ukaandikishwa katika urithi wa dunia, ukiwa na misikiti 103, hamamu 14 na nyumba zaidi ya 6,000. Kisha vikaja vita. Juni 2015 nyumba za mtaa wa Qasimi zilibomolewa kwa kombora, watu wakafa ndani yake, na mwaka huo huo mji ukatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2020 mvua kubwa zikaangusha nyengine. Twawaombea Mola awape amani, na awarehemu waliokufa.

Nirudi kwetu. Usinielewe kuwa nakuambia ukalaze ng'ombe chini ya kitanda chako. Mwenye kuiga jengo la Haraz hapa Mombasa, Tanga au Unguja atamuua mnyama wake. Adui wa kule ni baridi, adui wa hapa ni joto, unyevu na mbu. Kuta nene zenye matundu madogo zingekuwa tanuri kwa mbuzi wa pwani. Ninachokitazama kwao ni kwamba mwashi alipopiga kamba ya kwanza ya msingi, mnyama alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa wakaaji.

Sisi tumejenga nini? Tazama mji wa Lamu, ambao nao uliandikishwa katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa nyumba zake za mawe. Mawe hayo, chokaa na boriti vilibebwa na punda, na mpaka leo saruji na mchanga vyabebwa na punda. Katika nyumba zote zile nzuri, zenye zidaka za jasi na milango ya nakshi, hukuti chumba chake. Jioni hufunguliwa akaachwa, akajitafutia maganda ya matikiti na makaratasi mitaani, akalala ukutani. Tangu 1987 kuna hospitali ya punda katika mji huo, iliyoanzishwa na jumuiya ya Waingereza. Nawashukuru. Na nikisha washukuru, naona haya.

Wala sisemi ya Lamu peke yake. Mbuzi wa Idi hununuliwa siku kumi kabla, tukamfunga kwenye bomba la maji au mguu wa ngazi, kwenye sakafu ya saruji, jua la mchana likamwakia na mvua ikamnyeshea, watoto wakamvuta masikio. Tunasema ni wa siku chache tu. Mnyama huyo ndiye tutakayejikurubisha kwa Mola wetu kwa damu yake.

Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi, na nilikuwa nikisomesha Minhaji. Mwaka huu nimemwita fundi wa mtaani kwetu, nikamwonyesha pembe ya ua iliyo upande wa upepo. Tumekubaliana ukuta wa mawe usiozidi kiuno, juu wazi pande zote, paa la makuti lililoteremka sana kuzuia mvua ya upande, sakafu ya mbao iliyoinuliwa dhiraa moja ili mkojo upite chini na kwato zikae pakavu, na hori la mbao ukutani, lisifikiwe na kuku. Samadi tutaipeleka kwenye minazi. Fundi aliandika vipimo vyote, kisha akanitazama akauliza: "Sheikh, na mlango niuweke upande gani?" Nikamwambia auelekeze kwenye dirisha la jikoni, mke wangu apate kumwona.